Nani Aliyeulisha Mji? Chakula na Maisha ya Mitaani Dar es Salaam

Historia ya mji wa Dar es Salaam imekwisha kuandikwa mara nyingi, na aghalabu imeandikwa kwa majumba, kwa bandari na kwa reli. Tumeambiwa kwamba Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga jumba lake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Kwamba alifariki mwaka 1870 kazi yake ikiwa haijakamilika. Kwamba Wajerumani walihamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Na kwamba reli ya kati ilianza kutandikwa kutoka hapa mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Hayo yote ni kweli, na mwanafunzi hana budi kuyajua. Lakini liko swali moja ambalo vitabu hivyo havikuliuliza. Watu waliochimba misingi ya majumba hayo, waliopakua shehena bandarini na kubeba mataruma ya reli mabegani, walikula nini mchana, na nani aliwapikia?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya wale waliozoea kuhesabu historia kwa magavana. Hata hivyo mji ni watu, na watu hawaishi kwa hewa. Mkulima wa Uzaramo alikuwa na shamba lake na jiko lake. Akirudi kutoka kondeni alikuta chungu mafigani. Kibarua wa mjini hakuwa na shamba, na mara nyingi hakuwa hata na jiko. Alitegemea chakula kilichopikwa na mtu mwingine, kikauzwa kando ya njia. Tukikifuatilia chakula hicho tangu Mzizima hadi leo, tutaona mambo mengi ambayo ramani za mji hazituonyeshi.

Tuanze na Mzizima yenyewe. Wakazi wake walikuwa Washomvi na Wazaramo, watu wa uvuvi na kilimo. Chakula chao kilitoka pande mbili: baharini kwa ngalawa na mitego, na bara kwa jembe. Walikula mtama, mpunga, mihogo, kunde na mboga za majani, na karibu kila kitu kiliungwa kwa nazi. Hapa yafaa tuwe waangalifu na maneno "chakula cha asili." Mhogo ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini kwa njia ya Wareno, na mahindi pia yana asili ya Amerika. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kwamba ugali wa mahindi ndio chakula cha babu zetu tangu kale na kale, awaongezee kwamba babu wa mtu wa pwani aliujua zaidi mtama na mpunga. Mahindi yalipata nguvu kwetu kwa kiasi kikubwa wakati wa ukoloni, katika mashamba ya mkonge, katika kambi za vibarua na majeshini, kwa kuwa unga wake ulikuwa rahisi kusafirisha na rahisi kupima kwa kibaba cha mwajiri.

Kutoka Uarabuni na Bara Hindi pwani ilipokea mapishi mengine: pilau, biriani, sambusa, bajia, kachori, achari na chapati. Hakuna leo anayeiona chapati kuwa ngeni. Imeondoka jikoni kwa Mhindi, ikapita baraza la Mswahili, ikafika hadi vijiji vya bara ambako hajapata kukaa Mhindi hata mmoja. Kahawa nayo ilikuja kwa njia hiyo ya bahari, na lugha yetu imehifadhi ushahidi. Neno "mgahawa," ambalo leo lamaanisha nyumba yoyote ya kulia chakula, limetokana na kahawa. Kwanza ilikuwa nyumba ya kunywea kahawa, ndipo chakula kikafuata.

Utawala wa kikoloni uliugawa mji kwa rangi. Wajerumani walianza, Waingereza wakakamilisha. Uzunguni ilikuwa ufukweni kuelekea kaskazini, penye upepo. Uhindini ilikuwa katikati, penye maduka. Waafrika waliwekwa magharibi, na kati yao na Wahindi ukaachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Lakini kila asubuhi wapishi, madobi, mayaya na matarishi walivuka uwanja huo kwenda kuwahudumia wale waliokuwa wakiogopa kuambukizwa nao maradhi. Mpishi wa Kiafrika ambaye hakuruhusiwa kulala Uzunguni ndiye aliyekuwa akionja mchuzi wa bwana kabla bwana hajauonja.

Sehemu kubwa ya mji wa Waafrika ikaja kuitwa Kariakoo. Asili ya jina hilo inajulikana na wengi, ila uzito wake haufikiriwi sana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi za majeshi katika vita ambavyo havikuwa vyao. Makumi ya maelfu yao katika Afrika Mashariki walikufa, wengi wao si kwa risasi, bali kwa maradhi, uchovu na chakula duni. Baada ya vita mahali hapo pakawa soko. Hivyo soko kubwa la chakula kuliko yote nchini lina jina la watu ambao wengi wao walikufa kwa kukosa chakula cha kutosha wakiwa wamebeba chakula cha wengine.

Nyumba za Kariakoo na Ilala zilijengwa kwa namna moja, nayo tunaiita nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba aghalabu alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Katika chumba kimoja waliweza kulala vijana wanne kutoka Rufiji, Ulanga au Unyamwezi, wote wakitafuta kazi bandarini, na hakuna kati yao aliyekuja na mke. Mshahara ulipangwa kwa makusudi kwa kipimo cha mtu asiye na familia. Mkoloni alidai kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini. Kwa kweli hata huyo mtu mmoja hakutoshelezwa. Akinunua mkaa, chungu, unga, chumvi, samaki na nazi ili apike mwenyewe, mshahara ungekwisha kabla ya nusu ya mwezi, na saa za kupika angezitoa wapi? Mwanamke aliyepikia watu ishirini kwa moto mmoja na chungu kimoja alikipunguza chakula bei hadi mahali ambapo senti za kibarua ziliweza kufika. Ndiyo kusema kwamba bandari ilikuwa ikipata kazi rahisi kwa sababu nyuma yake kulikuwa na jiko rahisi, na mwenye jiko hilo hakuandikwa katika daftari lolote la bandari.

Baraza la nyumba lilikuwa mahali pa mazungumzo, na alfajiri lilikuwa duka. Hapo ndipo palipouzwa vitumbua. Inafaa tueleze kazi hii kwa kirefu kidogo, maana wako vijana wanaovila kila siku wasijue vinavyopikwa. Mchele hulowekwa tangu jioni. Usiku hutwangwa, au siku hizi hupelekwa mashineni, ukawa unga laini wenye unyevu. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, ambalo wapishi huliita kasimile, huwekwa mbali na lile la pili lililo jepesi. Unga huchanganywa na tui, sukari na iliki, na kitu cha kuumua. Zamani, kabla hamira ya dukani haijaenea, waliumua kwa tembo la mnazi, na wazee hushikilia kwamba ladha ile haijarudi tena. Kinyunya huachwa kiumuke hadi alfajiri. Ndipo chuma chenye vishimo hutiwa moto, kila kishimo kikapata tone la mafuta na upawa mmoja wa kinyunya, na kijiti chembamba kikavigeuza. Mpishi huamka saa tisa za usiku ili mteja ale saa kumi na mbili. Kufikia saa mbili asubuhi ameuza, amehesabu, na amekwisha kutenga fedha za mchele wa kesho. Mtu asemaye kwamba hiyo si kazi hajapata kuamka saa tisa.

Baada ya wapishi wa vitumbua walifuata wauza chai na maandazi, kisha mihogo ya kukaanga na kuchoma. Mhogo huchanwa katikati, hupakwa chumvi, pilipili na ndimu, na kufungwa katika kipande cha gazeti. Saa za mchana zilikuwa za wali na ugali. Alasiri alipita muuza madafu akisukuma baiskeli, na jua lilipotua alitokea muuza kahawa. Huyu hakuhitaji kupiga kelele. Alichukua dele lenye kaa la moto chini yake mkono mmoja, na mkono wa pili aligonganisha vikombe vidogo vya kaure, na mlio huo ulitosha kuwatoa wazee barazani. Kahawa yake ilikuwa chungu, bila sukari. Utamu ulikuwa katika kashata ya karanga au ya nazi iliyotafunwa pamoja nayo.

Kahawa hiyo ilikuwa na kazi kubwa kuliko kukata kiu. Katika mji ambao wengi hawakujua kusoma, mtu mmoja alisoma gazeti kwa sauti na wengine wakasikiliza, wakauliza, wakabishana. Serikali ya kikoloni ilikuwa na kalamu na polisi, lakini haikuwa na njia ya kujua kila lililosemwa kati ya kikombe cha kwanza na cha tatu. Desturi hiyo haikufa. Hadi leo "kijiwe cha kahawa" ni baraza ambalo bei ya unga, ushindi wa Simba au Yanga na hotuba ya Waziri hujadiliwa kwa uzito uleule, na asiye na hoja hunyamazishwa bila kujali cheo chake.

Vita vya Pili vya Dunia vilionyesha waziwazi kwamba chakula cha mji ni siasa. Nafaka ilipopungua, serikali iliigawa kwa kipimo maalumu, na aina ya nafaka na kiasi chake vilifuata rangi ya mtu. Mzungu, Mhindi na Mwafrika walisimama katika mistari mitatu mbele ya uhaba mmoja. Bei zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Wafanyakazi wa bandari walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939 na tena 1943. Mwezi Septemba 1947 waligoma kwa mara nyingine, na mgomo huo ukaifuata reli hadi miji ya bara. Tukizisoma habari za migomo hiyo tunakuta majina ya vyama na tarehe za majadiliano. Mgomaji asiyelipwa, asiye na shamba wala akiba, hawezi kusimama hata siku tatu pasipo mtu wa kumkopesha chakula. Historia haikumtaja mkopeshaji huyo, lakini mantiki inamdai awepo.

Miaka michache baadaye mchango wa wanawake hao ulionekana wazi zaidi. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, hatua chache tu kutoka Soko la Kariakoo. Mwaka uliofuata chama kilianzisha sehemu yake ya wanawake, na uongozi akakabidhiwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji mashuhuri wa ngoma mjini. Alipita katika vikundi vya ngoma na katika nyumba za watu, akawaandikisha wanawake kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Walikuwa nani wanawake hao? Wengi wao walikuwa wakijitegemea kwa biashara ndogondogo: wapishi wa maandazi na vitumbua, na watengenezaji wa pombe za kienyeji. Tukumbuke kwamba wakati huo mtumishi wa serikali ya kikoloni alikatazwa kujiunga na chama cha siasa, na msomi aliyenunua kadi alikuwa akiichezea kazi yake. Mpishi wa vitumbua hakuwa na bwana wa kumfukuza. Alikuwa na fedha taslimu kila siku, alijuana na watu wa mitaa mingi, na ujumbe aliopewa alfajiri ulikuwa umekwisha kusambaa kabla ya jua kupanda. Katika mafunzo ya uhuru tumewasifu wakulima na wafanyakazi, na tumefanya vyema. Lakini kikaango nacho kilipaswa kuwa na nafasi yake karibu na jembe na nyundo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 mji ulifunguka. Watu waliokuwa wakizuiwa na sheria za kikoloni wasikae mjini walikuja kwa wingi, safari hii pamoja na wake na watoto. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu takribani 272,000. Ile ya mwaka 1978 ilikuta mkoa una watu 843,090. Viwanda vilijengwa kando ya Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na Ubungo ambako kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Mbele ya kila lango la kiwanda palitokea mabanda ya makuti, mabenchi na masufuria, na humo ndimo lilimozaliwa jina lililo kubwa katika historia yetu hii.

Jina hilo ni "mama ntilie." Halikutungwa na kamati. Mfanyakazi aliingia bandani kwa haraka, saa yake ya mapumziko ikikimbia, akanyoosha sahani na kusema: mama, nitilie wali, mama, nitilie na mchuzi kidogo. Ulimi wa mji ukaimeza irabu moja, na ombi la mteja likawa jina la mpishi. Baadaye ofisi zilipendelea "mama lishe," kwa hoja kwamba jina la kwanza lina dharau, na wanaume walipoingia katika kazi hiyo wakaitwa "baba lishe." Nia ilikuwa njema, na neno "lishe" lina heshima ya hospitali. Hata hivyo sisi hatuoni dharau katika "mama ntilie." Jina hilo linamwita mwanamke asiye ndugu yako kwa jina la mama, kisha linamwomba. Kuna dharau gani katika kuomba?

Chakula chake kilikuwa, na bado ni, darasa la umoja wa taifa lisilo na mwalimu. Wali wa nazi wa mtu wa pwani ulikaa meza moja na makande ya Mpare; ndizi za Mhaya na Mchaga zilipikwa na Mzaramo ambaye kwao hazikuwa chakula cha kila siku; dagaa wa Kigoma na Mwanza walishuka katika magari moshi wakakutana na kisamvu cha Rufiji. Mchicha ulitoka bonde la Msimbazi, hapo hapo mjini, na samaki walitoka Feri, mlangoni mwa bandari, ambako mashua hufika na mnada huanza alfajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko hilo la Feri lilijengwa upya kwa msaada wa Japani. Mnada wake haukubadilika. Anayetaka changu au kolekole kwa ajili ya hoteli kubwa, na mama anayetaka fungu la vibua vya kukaanga, husimama kandokando na kupandishiana bei.

Serikali huru nayo haikuwa na fikira moja kuhusu chakula cha mitaani. Kwa upande mmoja ilijitahidi kuulisha mji. Shirika la Usagishaji la Taifa lilianzishwa mwaka 1968, na kwa miaka mingi bei ya sembe ilishushwa kwa fedha za umma, mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975 ulilazimisha nchi kuagiza nafaka kwa wingi kutoka ng'ambo. Ukaja unga wa mahindi ya njano, na watu wa Dar es Salaam, ambao hawakosi utani hata katika shida, wakauita "Yanga" kwa kufananisha rangi yake na jezi za timu. Ilikuwa ni wakati huo huo ambapo soko jipya la Kariakoo lilijengwa kwa michoro ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, likiwa na paa la nguzo zilizopanuka juu mithili ya miavuli, likafunguliwa mwaka 1975. Taifa maskini lilijenga jengo la fahari kwa ajili ya vitunguu na nyanya, na tendo hilo lastahili sifa.

Kwa upande wa pili, mchuuzi wa chakula alitazamwa kwa shaka. Kipindupindu kilipoenea nchini katika miaka ya 1970, na kila kiliporudi, hata katika mlipuko wa mwaka 2015, yeye ndiye aliyezuiwa wa kwanza. Usafi ni jambo la lazima, wala hatutetei sahani iliyooshwa kwa maji ya mtaro. Ila maji safi hayaletwi na mpishi. Huletwa na bomba, na bomba ni jukumu la mji. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, iliyomtaka kila mwenye nguvu athibitishe kazi yake, na wasioweza walisombwa mjini kupelekwa mashambani. Shabaha ilikuwa uvivu na uzururaji. Lakini askari aliyesimama njiani aliwezaje kumtofautisha mzururaji na muuza kahawa, ikiwa wote wawili walikuwa wakitembea na wote wawili hawakuwa na barua ya mwajiri? Wachuuzi wengi waliingizwa katika kapu moja na wazururaji.

Jambo la kusikitisha ni kwamba miaka hiyo ndiyo ambayo mji uliwahitaji zaidi. Mishahara ilikuwa imepoteza nguvu yake ya kununua. Sukari, unga wa ngano na sabuni vilikuwa vya foleni. Mfanyakazi aliyepokea mshahara tarehe 30 aliumaliza kabla ya tarehe 10, na siku zilizobaki familia iliishi kwa kile kilichoitwa "mradi." Neno hilo, lililokuwa la wataalamu na mipango ya maendeleo, liliingia mitaani likawa na maana ya kikaango cha mke wa karani, barafu za ukwaju zilizouzwa dirishani kwa mwalimu, kuku kumi katika ua wa mhasibu. Katika nyumba nyingi za mji huu ada, kodi na dawa zililipwa kwa maandazi, na mshahara wa baba ukawa kama heshima tu ya kuwa na kazi. Wanawake wa tabaka la watumishi, ambao zamani wangeona haya kuonekana wakiuza vitumbua, walijifunza kazi hiyo kwa wale wale waliokuwa wakiwanunulia.

Mambo mengine yalibadilika bila mtu kuamrisha. Viazi vya kukaanga, yaani chipsi, viliteka mitaa, na vilipochanganywa na mayai vikapata jina la "zege" kwa kuwa vinashikamana tumboni kama saruji. Wazee huilaumu zege. Sisi twasema tu kwamba mhogo una nguvu zaidi na hauhitaji mafuta mengi kiasi hicho. Na mhogo wenyewe umepanda cheo. Katika ufukwe wa Oyster Bay, ambao mkoloni aliutenga kwa ajili ya makazi ya Wazungu, sasa kila Jumapili jioni watoto wa mji mzima hukaa mchangani wakila mihogo ya kuchoma kwa pilipili, chakula kile kile cha Mzizima. Mwezi wa Ramadhani nao una saa zake: mchana mitaa ya Kariakoo na Magomeni hunyamaza na migahawa huteremsha mapazia, lakini ifikapo alasiri mabaraza yote hujaa futari, magimbi, viazi vitamu, mihogo ya nazi, tambi na kalimati, na asiyefunga husimama katika msafara ule ule wa kununua.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000. Ukikilinganisha na kile cha mwaka 1983 utaona mwendo wa historia: kile cha kwanza kilimwokoa mtu asisombwe mjini, hiki cha pili kilimruhusu auze bila kubughudhiwa. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo la Soko la Kariakoo liliungua moto, na mwezi Oktoba mwaka huo huo wachuuzi wa kando ya barabara, wapishi wakiwa miongoni mwao, waliondolewa na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Waliotetea hatua hiyo walisema njia za waenda kwa miguu zimezibwa, na ni kweli zilikuwa zimezibwa.

Lakini yapo mambo ambayo hayawezi kuelekezwa kwa mkono. Mama ntilie huuza kwa mkopo. Kuli, fundi viatu, kondakta wa daladala na kijana wa duka hula kwake Jumatatu hadi Ijumaa na kulipa Jumamosi, au mwisho wa mwezi, au kazi ikipatikana. Hakuna dhamana wala mashahidi. Lipo daftari la shule lenye madoa ya mafuta, ambamo wateja huandikwa kwa majina ya kazi zao au ya mahali wasimamapo: wa mzani, wa mkokoteni mwekundu, wa ngazi za benki. Mikopo hiyo haina mahakama isipokuwa ukaribu, maana mdaiwa hupita mbele ya sufuria kila siku na sufuria humwona. Mpishi aliyehamishiwa soko la mbali alichukua meza, mabenchi na majiko yake katika mkokoteni mmoja. Daftari nalo alilichukua, ila wale wote walioandikwa humo walibaki Kariakoo.